Kabla Hujapanda Boti ya Fungate: Historia ya Visiwa Vilivyolindwa, na Nani Alilipa



Mimi ni fundi na mfanyabiashara wa nguo za harusi hapa Moshono, Arusha. Bibi harusi akishamaliza kupimwa na tukakubaliana kitambaa, mazungumzo yanahamia kwenye fungate. Siku hizi jibu ni moja: visiwani. Mwingine anataka kumuona kobe mkubwa wa Changuu, mwingine anataka kuogelea Chumbe au Mafia, mwingine amesikia kuna mbuga ya wanyama inayogusana na bahari kule Saadani. Kila mmoja anajua bei ya chumba na anajua atapiga picha wapi. Historia ya mahali anapokwenda ndiyo haijui.

Mtaniambia, wewe mtu wa mlimani unaijuaje bahari mpaka utufundishe sisi wenyewe? Mna haki ya kuuliza. Lakini sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru tumekulia katikati ya hifadhi. Magari ya watalii yanapita kila asubuhi kwenda Ngorongoro na Serengeti, na wazee wetu wana kumbukumbu ya jinsi ardhi inavyobadilisha mikono. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Pale haikuwa habari ya wanyama, ilikuwa habari ya walowezi, lakini swali lilibaki kwenye mdomo wa kila mtu wa huku: mahali pakitengwa, ametengewa nani, na nani ametolewa?

Swali hilohilo nataka tulipeleke baharini leo. Kila kisiwa kizuri unachokiona kimelindwa na mtu, na kuna mtu mwingine aliyelipa ili kilindwe. Ukijua historia hiyo utakwenda kama mgeni mwenye adabu.

Kipimo chetu: hima

Kwanza tuchukue kipimo. Watu wengi wanadhani kutenga eneo ili miti na wanyama wapumzike ni jambo lililoletwa na Wazungu. Uislamu unalijua tangu mwanzo. Mtume wetu (s.a.w.) aliutangaza mji wa Madina kuwa haram, miti yake isikatwe ovyo na wanyama wake wasiwindwe. Vilevile alilitenga bonde la Naqii liwe hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Kabla ya hapo, wakubwa wa Kiarabu walikuwa wakijitengea malisho kwa faida yao wenyewe. Uislamu ukabadilisha: hima iwe kwa maslahi ya umma.

Baadaye Sayyidna Umar (r.a.) alitenga maeneo mengine, likiwemo Rabadha. Kuna habari yake iliyomo katika Sahih Bukhari ambayo naipenda sana. Alimweka msimamizi wa hima aliyeitwa Hunayy, na akampa maelekezo. Alimwambia awe mpole kwa watu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Alimtaka amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache aingize mifugo yake, na awe macho na mifugo ya matajiri. Aliwataja kwa majina Ibn Awf na Ibn Affan, masahaba wakubwa kabisa! Sababu yake ilikuwa ya kibinadamu: tajiri mifugo yake ikifa anayo mitende na mashamba ya kurudia, lakini maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kulia mlangoni kwa kiongozi, na kiongozi hawezi kumfukuza. Nyasi na maji ni rahisi kumpa kuliko kuja kumlipa kwa dhahabu na fedha.

Basi dada zangu, kipimo ndicho hicho. Hima inakataza uharibifu, lakini mlango wake unafunguliwa kwanza kwa mnyonge. Tukishika kipimo hiki mkononi kama futi ya fundi, twende tukapime visiwa vyetu.

Kasa na vyombo vilivyoshonwa

Tuanzie mbali. Karibu miaka 2,000 iliyopita, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alieleza safari za bahari ya Hindi katika kitabu kinachojulikana kama Periplus. Ndani yake anataja kisiwa cha pwani yetu anachokiita Menouthias. Wanahistoria wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Anasema watu wa kisiwa hicho walikuwa na mitumbwi na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na walikuwa wakiwatega kasa kwa vikapu walivyoviweka kwenye milango ya maji.

Kama fundi, hapo kwenye kushona nilisimama. Mababu zetu walitoboa mbao na kuzishona kwa kamba, mshono juu ya mshono, chombo kikaelea. Mtepe, chombo maarufu cha pwani, ulijengwa kwa namna hiyo hadi karne ya 20.

Lakini na biashara yenyewe tuiangalie. Gamba la kasa lilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotoka pwani yetu kwenda nje pamoja na pembe za ndovu. Gamba zuri kuliko yote ni la ng'amba. Lilichongwa vitana, visanduku na mapambo ya wanawake. Maana yake, kwa karne nyingi kasa waliuawa ili mwanamke mahali fulani apendeze. Ndovu hali kadhalika, pembe ziligeuzwa bangili na vitana. Sisi wanawake tumo ndani ya historia hii tangu mwanzo, kwa hiyo tusijitoe tunapofika kwenye suala la kulinda. Bibi harusi akinunua leo bangili ya gamba la kasa aliyoiuziwa kwa siri ufukweni, ananunua kilichokatazwa na sheria, na anaendeleza biashara iliyokaribia kummaliza ng'amba.

Changuu: kisiwa cha minyororo, kisha cha kobe

Changuu ndicho kisiwa ambacho karibu kila bibi harusi anakwenda, kwa sababu kiko karibu na Mji Mkongwe na safari yake ni fupi. Wengi wanakiita Kisiwa cha Gereza. Katika karne ya 19 kilitumika kuwafungia watumwa walioonekana wakaidi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa hadhi ya kisheria mwaka 1897. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1893, Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa na likajengwa gereza. Wafungwa hawakuletwa. Majengo yakawa karantini ya kuwaweka abiria wa meli waliohofiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza kama homa ya manjano.

Kobe wale wakubwa walikuja baadaye. Mwaka 1919 gavana Mwingereza wa Shelisheli alituma kobe wanne kama zawadi, na kizazi chao ndicho unachokilisha majani leo. Asili yao ni visiwa vya Aldabra. Kwa hiyo kivutio chenyewe ni mgeni kama wewe, kililetwa kwa meli.

Sisemi usiende. Nenda, uwaone hao viumbe wa Allah wanaoishi zaidi ya miaka 100. Lakini ukipita kwenye yale majengo, punguza sauti kidogo. Kuna watu waliofungwa kwenye kisiwa hicho ambao majina yao hatunayo. Waombee dua, kisha uendelee na picha zako.

Saadani: mbuga iliyokuwa mji

Kwa sisi wa Arusha, Saadani ndiyo hifadhi ya pwani inayofikika bila kupanda boti. Unashuka kwa njia ya Moshi hadi Segera, unaelekea Tanga na Pangani, au unapita upande wa Chalinze. Ni hifadhi ya taifa ya pekee nchini ambako mbuga ya wanyama wa bara inakutana na Bahari ya Hindi. Kuna ndovu na twiga, Mto Wami una viboko, na kasa wanataga kwenye ufukwe wa Madete.

Kabla haijawa mbuga, Saadani ulikuwa mji wa Waislamu wa pwani wenye biashara yake. Misafara ya pembe ilishukia hapo kuvuka kwenda Unguja. Mtawala wake, Bwana Heri bin Juma, alikuwa miongoni mwa viongozi wakubwa wa vita vya kuwapinga Wajerumani pwani, pamoja na Abushiri wa Pangani. Mwaka 1889 Wajerumani waliushambulia mji huo. Mwaka 1890 Bwana Heri aliweka silaha chini. Bagamoyo na Dar es Salaam zikapanda, Saadani ikashuka ikawa kijiji cha wavuvi.

Katika miaka ya 1960 eneo lake likafanywa pori la akiba, na mwaka 2005 likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Hapo ndipo futi yetu ya hima inapohitajika. Wakazi wa kitongoji cha Uvinje, ambao ni wavuvi wa siku nyingi, walilalamika kwamba mpaka wa hifadhi umemeza ardhi yao ya pwani, na mgogoro huo ulichukua miaka. Wanyama walihitaji kulindwa, hilo halina ubishi, maana ujangili ulikuwa mkubwa. Lakini mvuvi wa Uvinje naye ni yule mwenye kondoo wachache aliyetajwa na Sayyidna Umar. Mgeni anayelala kwenye hema la kifahari akatazama jua likizama hawezi kuyajua haya kama hajaambiwa, na ndiyo maana nayaandika.

Chumbe: msikiti chini ya mnara

Turudi majini. Chumbe ni kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Unguja. Mwaka 1904 ulijengwa mnara wa taa wa kuongoza meli, na wakakaa huko watunza taa. Kwa ajili yao ukajengwa msikiti mdogo, ambao bado upo. Nimewaambia wateja wangu kadhaa: ukifika Chumbe ukasali rakaa zako hapo, utakuwa umesali mahali ambapo mtu mmoja au wawili walisali peke yao miaka na miaka, kazi yao ikiwa kuwasha taa ili wengine wasigonge mwamba.

Mwamba wa upande wa magharibi ulibaki mzima kwa sababu isiyohusiana na mazingira kabisa. Njia ya meli inapita karibu, na pwani ya jirani ilikuwa eneo la jeshi, hivyo wavuvi hawakuruhusiwa kuvua hapo. Mwanamama Mjerumani, Sibylle Riedmiller, akauona uzuri huo mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaiomba serikali ya Zanzibar kisiwa kihifadhiwe. Mwaka 1994 kikatangazwa rasmi hifadhi, miongoni mwa hifadhi za kwanza duniani za bahari kusimamiwa na kampuni binafsi. Wavuvi wa vijiji vya jirani wakafundishwa kuwa walinzi wa mwamba. Nyumba za wageni ni 7 tu, maji yao ni ya mvua, na watoto wa shule za Zanzibar wanapelekwa kujifunza matumbawe kwa macho yao.

Kwa kipimo chetu, Chumbe ina uzuri wake: haikumnyang'anya mtu mwamba aliokuwa akiuvua, na samaki wanaozaliana ndani wanatoka nje kwenda kwa wavuvi. Pamoja na hayo, kulala usiku mmoja huko si bei ya binti wa kawaida wa Kijangwani au wa Moshono. Malango mengi ya bahari yetu yamefunguliwa kwa upande wa Ibn Awf na Ibn Affan. Mnemba, kwa mfano, nchi kavu yake imekodishwa kwa hoteli moja, na wageni wa siku wanabaki majini. Mwenye uwezo atumie neema ya Allah, sina kijicho. Ila tujue mlango umefunguliwa upande gani.

Misali: kisiwa kilichoitwa mkeka wa kusalia

Sasa tumefika kwenye kisiwa kilichonifanya niandike yote haya. Misali kipo karibu kilomita 10 magharibi mwa Chake Chake, Pemba. Ni kidogo, hakifiki hata kilomita moja ya mraba. Hakina maji ya kunywa wala kijiji. Lakini wavuvi wa pwani yote ya magharibi ya Pemba wanakitegemea, wanapiga dago huko, yaani wanaweka kambi siku kadhaa wakivua, kisha wanarudi nyumbani.

Wazee wa Pemba wana hadithi ya jina lake. Wanasema mja mwema aitwaye Hadhara, ambaye wengi wanamnasibisha na Nabii Khidhr, aliwatokea wavuvi kisiwani akawaomba msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akawaambia basi kisiwa chenyewe kitakuwa msala, kwa kuwa kimeelekea kibla, na akasali juu yake. Hii ni hadithi ya wazee, siyo Aya wala hadithi ya Mtume, tusije tukachanganya. Lakini angalieni ilivyofanya kazi. Mahali panapoitwa msala hupachafui. Mapango ya Misali yaliheshimiwa, na kisiwa kikabaki na msitu wake, tumbili wake, popo wake wakubwa, na fukwe ambazo kasa wa kijani na ng'amba wanapanda usiku kutaga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja mpango wa kukikodisha kisiwa kwa mwekezaji wa hoteli. Hebu jiweke mahali pa mvuvi wa Pemba siku hiyo. Dago lako, mwamba wako, mahali baba yako alipokufundisha kutega dema, vyote viwe uani kwa hoteli. Wavuvi walipinga, na watu wa idara za mazingira wakasimama nao. Mpango ule ukaachwa, na mwaka 1998 serikali ya Zanzibar ikakitangaza Misali kuwa eneo la hifadhi. Sehemu ya mwamba ikafungwa isivuliwe kabisa, na sehemu kubwa ikaachwa kwa wavuvi waendelee kwa zana zinazoruhusiwa. Wavuvi wenyewe wakawa na chama cha kushiriki katika usimamizi. Mwaka 2005 eneo likapanuliwa likawa hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba, na Misali ikawa moyo wake.

Tatizo likabaki moja. Sheria ilikuwepo, lakini mtu mwenye baruti au juya la macho madogo anavua usiku, na boti ya doria ni moja. Baruti inaua samaki mkubwa, mtoto na mayai, na inavunja matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi kwa sekunde moja. Ndipo mwaka 1999 ukaanza mradi wa kufundisha uhifadhi kwa misingi ya Kiislamu, ukiletwa na shirika la CARE pamoja na IFEES, taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Birmingham, Uingereza, iliyoanzishwa na Fazlun Khalid. Maimamu, walimu wa madrasa na wavuvi walikaa pamoja wakajadili mambo wanayoyajua tangu chuoni: kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi, kwamba Allah ameumba kila kitu kwa mizani, kwamba israfu ni haramu, na kwamba neema ni amana utakayoulizwa.

Hakuna neno jipya hapo hata moja. Kilichokuwa kipya ni kuyasema maneno hayo kuhusu kokoro na baruti. Mtu anaweza kumkwepa mlinzi, lakini Mola wake hamkwepi hata usiku wa giza. Habari za Misali zikasambaa duniani, kisiwa kidogo cha Pemba kikawa mfano unaotajwa kila watu wanapozungumzia dini na mazingira.

Nisiwapambe kama mwali. Mawaidha peke yake hayajazi sufuria. Mwaka huohuo wa 1998 joto la bahari lilipanda, matumbawe yakapauka na kufa sehemu nyingi za Bahari ya Hindi, na hilo halizuiwi na imamu wala askari. Wavuvi wanaongezeka, samaki hawaongezeki. Mvuvi mwenye watoto wanne anayeambiwa asiguse sehemu fulani ya mwamba anahitaji kitu kingine cha kushika. Kwa hiyo imani, sheria na riziki zinatakiwa kushonwa pamoja. Ukitoa uzi mmoja nguo inafumuka.

Na wanawake je?

Hapa ndipo historia nyingi zinanyamaza. Wanaposema wavuvi, watu wanaona mwanamume na ngalawa. Lakini maji yakitoka bamvua, anayeshuka mwambani na mti wa kuchokolea pweza ni mara nyingi mama. Anayeokota chaza na kombe ni mama. Anayepanda mwani na kuuanika ni mama. Mwamba ukifungwa, semina anaitwa mwenye boti, na anayepoteza mboga ya mchana ni mama ambaye hakuitwa.

Kuna mfano unaonipa moyo. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wanakijiji wakisaidiwa na mtandao wa Mwambao walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa muda wa miezi michache ili pweza wakue. Pweza hukua haraka sana, miezi 3 inatosha kumfanya mdogo awe wa kilo. Siku ya kufungua kila mtu anashuka, wanaume kwa wanawake, na kila mmoja anaona alichokisubiri. Hiyo ni hima kwa maana yake kamili: imewekwa na wenyewe, ina muda, ina sababu, na mnyonge anaingia siku ya kufunguliwa. Sisi tunaocheza vikoba tunaelewa haraka. Hisa huziguswi kabla ya siku ya kugawana, na mwenye hisa moja anapata chake kama mwenye kumi anavyopata chake.

Sasa wewe bibi harusi

Ukishayajua haya, safari yako itakuwa nzito zaidi kwa uzuri. Nina machache ya kukushauri.

Kwanza, weka Pemba kwenye hesabu. Unafika kwa ndege hadi Chake Chake au kwa boti hadi Mkoani, na Misali unakwendea kutoka bandari ya Wesha au kwa mipango ya hoteli yako. Lipa kiingilio cha hifadhi na udai risiti. Beba maji na chakula, na takataka zako rudi nazo zote. Mkodishe nahodha wa pale pale, na chakula nunua kwa mama wa pale pale. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kufungua mlango kwa mwenye kondoo wachache.

Pili, mwamba usikanyagwe. Tumbawe ni kiumbe hai, ukisimama juu yake umeua. Konokono na kombe za ufukweni ziache, usiokote wala usinunue. Usiku usimmulike kasa anayetaga. Akishtuka anarudi baharini bila kutaga.

Tatu, mavazi, hapa niko kwenye uwanja wangu. Usiingie baharini na baibui la shifoni au dera la pamba, maji yakiingia linakuwa zito na linakushika miguu. Shona vazi la kitambaa chepesi kinachovutika na kukauka haraka, rangi ya giza, gauni lifike magotini juu ya suruali yake, mikono iwe na lastiki. Ushungi uwe wa kushonwa, usitumie pini, maana pini zote zitaishia mwambani. Nguo ya mikono mirefu na suruali inakukinga na jua pia, hivyo hutajipaka mafuta mengi yanayoingia baharini. Sitara yako inakuwa hifadhi ya bahari pia, subhanallah.

Nne, mkumbuke kwamba nyinyi ni wasafiri. Mna ruhusa ya kupunguza sala, Adhuhuri rakaa mbili na Alasiri rakaa mbili. Mume awe imamu, wewe nyuma yake, juu ya mchanga. Na mkiwa Misali, ulizeni nahodha kibla kiko wapi. Atawaonyesha, na huenda akawasimulia habari ya Hadhara na msala kwa ulimi wa Kipemba, vizuri kuliko nilivyoweza mimi.

Ndoa nayo ina hima yake. Mnatenga mambo yenu yasikanyagwe na kila mtu, mnawekeana mipaka, na ndani ya mipaka hiyo yule mdogo na mnyonge anapata raha kwanza. Mkiweza kujifunza hilo wiki ya kwanza, mbele ya bahari iliyohifadhiwa kwa subira ya watu msiowajua, mtakuwa mmerudi na kitu kikubwa kuliko picha.

Allah awabariki, aweke baraka juu yenu, na awakusanye katika kheri. Amin.